Harusi ya Kabati

Watu walimwita Tabasamu, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa kununa. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpiga video wa harusi, na tangu bibi harusi anaposhuka kwenye gari mpaka mlinzi anapoanza kuzima taa za ukumbi, neno lake lilikuwa hilo hilo moja. Aliwaambia maharusi watabasamu, akawaambia wakwe, akawaambia hata watoto waliokwisha kulala mabegani mwa mama zao. Mwisho mtaa mzima ukamvisha jina hilo, na lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho.

Duka lake lilikuwa kati ya kinyozi na muuza magodoro. Dirishani alitundika picha kubwa ya maharusi wawili wakitazamana kwa namna ya kumliza mpita njia. Hao walikwisha kuachana zamani, na yule mwanamke alikuja kuomba picha yake iondolewe. Tabasamu alimsikiliza kwa heshima zote, akampa kiti, akamweleza kwamba mwanga wa namna ile, ulioangukia shavu la kushoto peke yake, haupatikani tena. Picha ikabaki. Yeye mwenyewe hakuoa. Akiulizwa sababu alijibu kwamba harusi alizokwenda zinamtosha.

Alasiri moja, akiwa anafuta lenzi kwa kitambaa, aliingia mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni akisomea kompyuta. Binti hakukaa. Alisimama huku akichezea kamba ya mkoba wake, na Tabasamu akajua kuna jambo la kuombwa.

"Mjomba, tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Ndio mradi wetu wa kumalizia."

"Hongera."

"Chuo hakitaki mchezo peke yake. Kinataka na video ya kuonyesha tulivyoutengeneza, kuanzia siku tuliyokaa kufikiri mpaka siku tutakayomaliza. Alama nyingi ziko kwenye video."

"Kwa hiyo mnatafuta mpiga video."

"Tunatafuta mjomba mwenye kamera," alisema binti. "Mama amesema hutakataa."

Dada yake akishasema hutakataa, ilikuwa ni sawa na kukubali. Tabasamu akaweka kitambaa chini, akaingia kazini palepale.

"Basi niambie. Mhusika wangu mkuu nani? Yaani, bibi harusi ni nani?"

"Hakuna bibi harusi, mjomba. Kuna kabati."

Akamweleza. Katika mchezo wao, watu wawili wanateremsha kabati la nguo kutoka ghorofa ya nne. Anayecheza ndiye anayewaongoza. Ngazi ni nyembamba, na kila wakifika kwenye kona, mlango unafunguka, anatoka jirani kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ukiwasikiliza majirani wote, kabati linakwama. Usipowasikiliza, wanakasirika na kukaa kwenye ngazi. Mchezo wenyewe uliitwa Kabati.

Tabasamu alifikiri kidogo. "Na mwisho wake wanalifikisha chini?"

"Ukicheza vizuri."

"Na wanafurahi?"

"Wanafurahi."

"Basi tuna video," alisema Tabasamu.

Siku ya kwanza alifika chuoni na mikoba mitatu, stendi mbili na taa yenye mwavuli mweupe. Chumba walichopewa wanafunzi kilikuwa nyuma ya jengo, dirisha lake likitazama mahali pa kuegesha baiskeli. Kulikuwa na meza mbili zilizounganishwa, kompyuta tatu, na kabati la chuma pembeni ambalo mafundi wa chuo walilijaza nyaya kuukuu wakalisahau.

Pamoja na mpwa wake, aliyekuwa mchoraji wa kundi, kulikuwa na wengine wawili. Mmoja ni kijana mrefu aliyeandika programu. Wenzake walimwita Injinia, na aliitika kama mtu anayeitwa kwa cheo chake halali. Mwingine ni binti mdogo wa umbo aliyeshughulikia sauti. Huyo walimwita Redio kwa sababu alikuwa haongei. Aliweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni na maikrofoni mkononi, akigonga meza, akiburuta kiti, akifunga na kufungua droo, na asitoe neno.

"Tokeni nje," Tabasamu aliwaambia baada ya salamu.

Wakatoka.

"Sasa ingieni tena. Polepole. Injinia, shusha bega. Usiangalie kamera, angalia mbele kama mtu anayekwenda kwenye maisha mapya."

Injinia aliingia mara kadhaa, na kila alipoingia alionekana zaidi kama mtu anayefuata maiti. Mwishowe Tabasamu aliridhika. Wanafunzi wakakaa, wakafungua kompyuta, wakaanza kazi. Naye akasimama tayari, jicho moja kwenye kamera, akisubiri kitu kitokee.

Hakikutokea. Katika harusi, hata mambo yakiwa yamepoa vipi, kuna mtu anakula, kuna mtu analia, kuna shangazi anatafuta viatu. Hapa watu watatu walikaa wakitazama vioo vya kompyuta, na kitu pekee kilichocheza ni vidole. Tabasamu alizunguka meza. Alirekodi kisogo cha Injinia. Alirekodi sikio la Redio. Alirekodi kikombe. Baada ya muda mrefu sana, Injinia alivuta pumzi akasema, "Kodi imekataa."

Tabasamu alishusha kamera kwa huruma. "Kwani chumba hiki mnakilipia?"

"Hapana, mjomba," alisema mpwa wake bila kugeuka. "Kodi ni yale maandishi anayoandika kuiamuru kompyuta."

"Ahaa," alisema Tabasamu, akainua tena kamera. Moyoni aliona wangeweza kutafuta jina lisilotisha watu.

Muda si mrefu kukawa na la kuona. Injinia alijaribisha mchezo, na lile kabati, lilipofika ghorofa ya pili, lilitetemeka, likaruka, likapasua dirisha na kutokomea angani. Wale wabebaji wawili wakabaki kwenye ngazi wameinua mikono mitupu. Injinia alijishika kichwa. Mpwa wake alitoa neno ambalo mama yake hakumfundisha. Redio alifunga macho.

Tabasamu akazima kamera.

Alizima kwa adabu. Katika miaka yake ya kazi alikwisha kuona msimamizi akianguka na keki. Alikwisha kuona bwana harusi akilia kwa hofu nyuma ya jenereta, na mashangazi wa pande mbili wakinyang'anyana kipaza sauti mpaka waya ukakatika. Hakuna hata moja katika hayo lililowahi kuonekana kwenye video yake. Watu wanamlipa awatunzie siku yao, na kutunza siku ya mtu ni pamoja na kujua wakati wa kugeukia maua.

Ndivyo alivyoendelea. Kabati likiruka, alizima. Injinia akigombana na mpwa wake kuhusu upana wa ngazi, alikwenda dirishani akarekodi baiskeli. Siku chache alizosahau kuzima, alifuta mwenyewe dukani ili kupata nafasi ya harusi za Jumamosi. Lakini kitu kikikubali, alikuwa papo hapo na taa yake. "Pigeni makofi tena," aliwaambia. "Mara hii kwa furaha. Redio, cheka. Basi, onyesha meno tu, yanatosha."

Muhula ulipofika katikati, mhadhiri wao alitaka kuona video ilipofikia. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa mbele. Wanafunzi watatu walikaa nyuma yake, na Tabasamu akasimama ukutani akiwa amevaa koti alilovalia kazi za watu wakubwa.

Video ikaanza. Herufi za dhahabu zilishuka kutoka juu zikaandika KABATI. Njiwa wawili weupe wakaruka, mmoja kutoka kila upande, wakakutana katikati na kuwa moyo. Zikaingia fidla. Injinia akaonekana akiingia chumbani polepole, bega chini. Mpwa wake akageuza uso kuelekea dirishani, nywele zikipepea kwa feni ambayo Tabasamu aliileta kutoka nyumbani. Redio akagusa kitufe kimoja cha kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayeonyesha pete. Wakapiga makofi. Wakaonyesha meno. Mioyo midogo ikamwagika, na video ikaisha.

Mhadhiri alivua miwani akaiacha ining'inie.

"Harusi nzuri," alisema. "Nani kamwoa nani?"

Akawageukia wanafunzi.

"Mlikwama wapi? Nataka kuona mlipokosea, na mlivyotoka. Watu hawawezi kutengeneza mchezo mwaka mzima wakawa wanapiga makofi tu. Msiponionyesha mlipokwama, sina cha kusahihisha." Akasimama, akampa Tabasamu mkono kwa heshima. "Mwanga lakini ni mzuri," akasema, akaenda zake.

Mpwa wake alisubiri mlango ufungwe.

"Mjomba. Hata mara moja hukuacha kamera ikaenda?"

"Niliwastahi," alisema Tabasamu.

"Makosa yote hayapo?"

"Yote. Mmetoka safi kabisa."

Injinia alilaza paji la uso juu ya meza. Mpwa wake alimtazama mjomba wake kwa muda, na Tabasamu, ambaye hakuwahi kulalamikiwa na mteja isipokuwa yule mwanamke wa dirishani, aliona koti linambana. Akatafuta la kusema, na akalipata katika uzoefu wake.

"Hili linatengenezeka. Nilikwisha kuwavisha watu pete mara ya pili kwa sababu betri yangu ilikwisha. Ndoa haikupungua kitu. Injinia, lile kosa lako bado unalikumbuka?"

"La kabati kuruka? Nililirekebisha wiki iliyopita."

"Lirudishe. Mimi nalirekodi, wewe unajishika kichwa kama siku ile, halafu unaliondoa. Tumemaliza."

Wanafunzi walitazamana. Kwa kweli halikuwa wazo baya. Injinia alikaa, akaandika kidogo, akaharibu alichokuwa amekitengeneza. Kabati likafika ghorofa ya pili, likatetemeka, likaruka nje ya dirisha. Injinia akajishika kichwa vizuri sana. Mpwa wake akatoa lile neno, ila safari hii alilipunguza makali. Tabasamu alirekodi kwa mbali na kwa karibu.

"Safi. Sasa liondoe."

Injinia akaliondoa. Akajaribisha. Kabati likaruka.

"Subiri," alisema, akaandika tena. Mara hii kabati halikupita dirishani. Lilipasua dari, likapita kwenye nyumba za majirani wote wa juu, likawa linalizunguka jengo taratibu, milango wazi, kama ndege anayetafuta pa kutua. Injinia hakujishika kichwa. Mikono ililegea mapajani, na sura ikamshuka.

Kidole cha Tabasamu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe.

"Usizime, mjomba," alisema mpwa wake.

Hakuzima. Lakini alirekodi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya akaambiwa abaki hapo hapo. Jicho lilitaka maua, na chumbani hamkuwa na maua.

Shughuli ya kulitafuta lile kosa iliendelea siku nyingi kuliko walivyotaka, na tarehe ya mtihani ilikuwa inasogea. Injinia aliacha kuchana nywele. Mpwa wake alikuwa akimsomea maandishi kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama anayemsomea mgonjwa, na Tabasamu aliacha kamera iende. Alizoea kidogo kidogo. Aligundua kwamba mtu anayefikiri ana sura yake, tofauti na mtu aliyechoka, ingawa kwa Injinia ilibidi usogee karibu sana ndipo uone tofauti.

Aliyeliona ni Redio. Alikuwa amekaa peke yake na kompyuta ya tatu, akilipandisha na kulishusha kabati lile ili kusikia sauti ya miguu, na mara akasema:

"Ni mjomba."

Wote wakamgeukia, kwanza kwa sababu kaongea. Kisha wakamgeukia Tabasamu, ambaye aliondoa mkono wake mezani haraka.

"Mimi sijagusa kitu."

"Si wewe," alisema Redio. "Mjomba wa kwenye ngazi."

Tabasamu akasogea. Muda wote huo alikuwa amerekodi nyuso, kwa sababu video ya watu ni nyuso, na hakuwahi kuangalia vizuri kilichokuwamo kwenye vile vioo. Sasa aliinama. Pale ghorofa ya pili, kwenye kona, alisimama kijitu kifupi. Kilivaa kofia iliyogeuzwa nyuma na kizibao chenye mifuko mingi. Mikono ilikuwa nyuma ya mgongo. Wabebaji walipokaribia na kabati lao, kikafumbua mdomo, na maneno yakatokea juu ya kichwa chake: Kushoto kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo.

"Huyu tulimfanya asisogee hata chembe," Injinia alieleza, uhai umemrudia machoni. "Kila jirani anaweza kusukumwa, isipokuwa yeye. Kwa hiyo kabati likimgusa linakosa pa kwenda, linaruka. Nilisahau kabisa."

"Na kwa nini hasogei?" aliuliza Tabasamu.

Mpwa wake alikuwa anatazama vitufe. "Ndivyo alivyo," alisema kwa sauti ndogo.

Tabasamu alinyoosha mgongo. Aligusa kofia yake, ambayo kwa kawaida aliigeuza nyuma ili isigonge kamera. Alitazama kizibao chake, mifuko imejaa betri. Alikunja stendi, akawaaga, akatoka na mikoba yake.

Kutoka hapo alikwenda kwa dada yake. Alimkuta sebuleni anapiga pasi, rundo la nguo upande mmoja na redio ya mezani upande wa pili. Tabasamu alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Dada, siku mliyohama ile nyumba ya zamani. Mimi nilibeba nini?"

"Kofia yako," alisema dada yake bila kuinua pasi.

"Nilikuwa narekodi."

"Ndiyo. Tunayo hiyo video. Kila mtu anatoka jasho, na sauti yako inasema kushoto kidogo."

"Lazima mtu mmoja arekodi."

"Lazima," dada yake alikubali. Akageuza shati. "Kabati liliniangukia kidole cha mguu. Hilo halimo kwenye video."

"Nililitoa. Ulikuwa unatukana."

Dada yake akacheka, na Tabasamu akamweleza habari ya kile kijitu cha kwenye ngazi. Alieleza kwa uchungu. Alitegemea ahurumiwe kidogo, lakini dada yake aliweka pasi wima na kumkazia macho.

"Yaani kakuchora wewe?"

"Kanichora mikono nyuma, dada. Chuo kizima kitaniona."

"Na mimi kanichora wapi?"

"Wewe sikukuona."

"Mimi niliyebeba upande mzito sikuchorwa. Aliyesimama kachorwa." Dada yake alirudia pasi yake, akaipitisha kwenye kola kwa nguvu isiyohitajika. "Na bado unakuja kunilalamikia mimi."

Tabasamu alirudi kwake kwa miguu. Alifikiria maboksi ya video za familia yaliyokuwa dukani: harusi ya dada, mahafali, kuhama, siku za kuzaliwa. Katika zote hizo alikuwapo, na hakuna hata moja alimoonekana. Ukitaka kujua kama alikuwapo, ilibidi usikilize. Alijaribu kuendelea kuudhika, lakini kila alipokikumbuka kile kijitu na mikono yake nyuma, na kabati likiruka kwa sababu hataki kupisha, kicheko kilimpanda kooni. Muuza magodoro alimwona akipita anacheka peke yake, akamwita kinyozi aje aone.

Kesho yake alikuwa wa kwanza chumbani.

"Mmeshamtoa?" aliuliza wanafunzi walipoingia.

"Nikimtoa ni kazi ya dakika moja," alisema Injinia. "Kabati linashuka vizuri."

"Sitaki atolewe," alisema mpwa wake. Kisha akamgeukia mjomba wake, na maneno yakamtoka kwa haraka. "Mjomba, mimi sikukusudia kukucheka. Ile siku ya kuhama wewe ndiye ninayekukumbuka. Wengine wote walikuwa wamenuna. Bila yeye, zile ni ngazi tu."

Tabasamu alikohoa. "Basi apewe kazi. Kabati likifika, ashike pembe moja."

"Hana mikono," alisema mpwa wake. "Nilimchora iko nyuma tangu mwanzo. Sijui akibeba anakaaje. Sijawahi kukuona umebeba."

Baada ya kusemwa hilo, njia ilikuwa moja. Tabasamu alivua kizibao. Aliifunga kamera kwenye stendi, akairekebisha, akamwita Redio asimame nyuma yake na kumwonya asiguse kitu chochote. Mpwa wake alikaa sakafuni na karatasi zake. Injinia akashika upande mmoja wa lile kabati la chuma, Tabasamu akashika mwingine.

Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Tabasamu alijikaza, akalinyanyua, mishipa ya shingo ikasimama.

"Hapo hapo, mjomba," alisema mpwa wake, penseli ikikimbia. "Usishushe."

"Kushoto kidogo," alisema Redio kutoka nyuma ya kamera.

"Kushoto kwangu au kwako?" aliuliza Tabasamu kwa sauti iliyobanwa.

"Kidogo tena."

"Binti, nakuuliza kushoto kwa nani."

Injinia, ambaye alianza kucheka, alipoteza mshiko. Kabati likainama upande wa Tabasamu, milango ikafunguka, na nyaya zote zilizosahauliwa na mafundi wa chuo zikamwagika juu yake, nyeusi, za kijivu, za bluu, zikamvaa kuanzia kichwani, zikaangusha kofia, zikamfunga miguu. Alitoa mguno mrefu ulioanzia tumboni. Kisha akakaa chini taratibu katikati ya lile rundo, kama kuku anayeatamia.

"Zima," alisema.

Redio alimtazama, akatazama kile kitufe, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Kijitu cha kwenye ngazi kilipata mikono. Kilipata na mguno, ule ule, maana maikrofoni ya Redio ilikuwa wazi. Kabati likifika ghorofa ya pili, kiliguna, kikainama, kikashika pembe, na kabati likapita bila kuruka. Lilipita mara kumi mfululizo kabla Injinia hajathubutu kuamini.

Kuhariri video ndiko kulikomtesa Tabasamu. Alijifungia dukani, akaacha ndani yale yote ambayo maisha yake yote aliyatoa: ugomvi, kimya, Injinia asiyechana nywele, kabati linalozunguka jengo. Kila alipoacha kosa moja alihisi anamwaibisha mtu mbele ya wakwe. Alipofika kwenye nyaya, alinyanyuka, akazunguka chumba, akakaa tena, akaacha. Ila aliomba kitu kimoja.

"Moyo mmoja tu," alimwambia mpwa wake. "Mwishoni. Mdogo."

"Mmoja, mjomba. Bila njiwa."

Siku ya mtihani walikaa wasahihishaji watatu, mhadhiri wa miwani akiwa katikati. Ni yeye aliyeshika mchezo. Aliliteremsha kabati kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuhama nyumba, akawapuuza majirani wawili, akamsikiliza mmoja. Ghorofa ya pili kijitu kiliguna, kikashika pembe, na mhadhiri akasema "asante" kwa sauti kabla ya kukumbuka yuko wapi. Ghorofa ya kwanza jirani mmoja aliingia ukutani akabaki kichwa nje, jambo ambalo Injinia hakuwahi kuliona, lakini aliitikia kwa kichwa kama aliyelipanga.

Kisha wakaonyesha video. Wasahihishaji walitazama bila kusema mpaka kwenye nyaya, ambapo yule wa kulia alilazimika kutoa kitambaa na kufuta macho. Ilipoisha, mhadhiri alimtafuta Tabasamu ukutani.

"Mjomba ni wewe?"

"Kwenye mchezo au kwenye maisha?"

"Popote."

"Ni mimi," alisema Tabasamu.

Walifaulu, ingawa hawakuwa wa kwanza. Wa kwanza lilikuwa kundi lililotengeneza mchezo wa kupanda miti, ambao haukuharibika hata mara moja. Wasahihishaji waliandika kwamba Kabati ni mchezo wa kuchekesha na wa kweli, kwamba video imeonyesha kazi, ila ni ndefu, na wakapunguza alama kidogo kwa sababu ya moyo. Tabasamu aliliona hilo ni uonevu na alilisema kwa kila aliyeingia dukani wiki ile.

Jumapili walikaa kwa dada yake kuitazama. Tabasamu alikuwa akieleza kila kipande hadi dada yake akamwambia anyamaze. Ilipofika kwenye nyaya, dada yake alicheka mpaka akashika ubavu.

"Rudisha hapo," alisema. Wakarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu Tabasamu alisogea karibu na kioo. Kofia ilikuwa imeanguka, na kisogo chake kilionekana chote, kwa mwanga mzuri aliouweka mwenyewe. Katikati ya nywele palikuwa na duara tupu, kubwa kama kisosi, linang'aa.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Upara, mjomba," alisema mpwa wake.

"Tangu lini?"

"Zamani sana," alijibu dada yake, akifuta machozi. "Hukuwa unajua?"

Tabasamu alipapasa kisogo, akapapata pale pale palipoonyeshwa. Akafikiri.

"Hii video chuo kimeshaipokea?"

"Imeshapokelewa. Haibadiliki tena."

"Na kwenye mchezo?"

"Kwenye mchezo una kofia," alisema mpwa wake.

"Kofia haianguki?"

"Haianguki, mjomba. Injinia ameizuia."

Tabasamu aliegemea kochi, akatulia. "Basi rudisha," alisema, na dada yake akawa amekwisha kuanza kucheka kabla nyaya hazijamwagika.